Fundi aliyejipimia jeneza: uchambuzi wa kisa cha sonona na nafasi ya utani katika tiba

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa sonona na familia zao, kwa hiyo fundi anayeelezwa hapa si mtu fulani wa Moshi, na alama zake hazikutoka kwenye faili la mtu yeyote. Mbinu, dozi, vipimo na hatari zinazotajwa ni zile ambazo mshauri na daktari hukutana nazo kazini.

Hali ilivyokuwa

Fundi cherehani, miaka 58, Mpare wa Usangi aliyehamia Moshi akiwa kijana. Alikuwa na kibanda karibu na soko, cherehani tatu na vijana wawili wa kujifunza. Alipata tenda ya sare za shule, jozi 140, akapokea malipo ya awali na kununua majora ya vitambaa. Usiku mmoja kibanda kikavunjwa, vitambaa vyote vikabebwa. Ili arudishe fedha za watu aliuza cherehani mbili, na bado akabaki na deni la kikoba. Vijana wakatafuta kazi kwingine.

Miezi mitano baadaye alikuwa anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Shati moja lililokuwa kazi ya asubuhi lilimchukua siku tatu. Chakula alikigusa kwa adabu tu, asimkwaze mkewe. Alipungua mwili hadi akawa anafunga suruali kwa kamba, na hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko yote, kwamba fundi aliyepunguza viuno vya suruali za watu kwa miaka 30 hakuona sababu ya kupunguza cha kwake. Akiulizwa, alijibu kwamba ana mawazo tu.

Lakini kijiweni kwenye drafti alikuwa bado mchekeshaji, pengine kuliko zamani. Hilo liliwapumbaza wengi. Siku moja aliwaambia wenzake: "Jamani, nikifa msihangaike kupima jeneza, futi kamba iko mfukoni, mimi mwenyewe nimeshajipima." Watu wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Jioni jirani alimsimulia mkewe maneno hayo kama kichekesho. Mke hakucheka. Kesho yake alimpeleka mumewe kliniki, akimwambia wanakwenda kupima presha.

Tathmini

Hojaji ya PHQ-9, ambayo ina tafsiri ya Kiswahili, huuliza mambo tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Kuanzia 5 ni sonona ndogo, kuanzia 10 ni ya wastani, kuanzia 15 inaelekea ukali, na kuanzia 20 ni kali. Fundi alipata 17. Swali la tisa, linalouliza kama mtu amewahi kufikiri ni heri afe au ajidhuru, alilijibu "siku kadhaa", yaani alama 1.

Hapo ndipo mshauri aliposhika lile neno la kijiweni. Alimuuliza: "Mzee, lile la futi kamba, ulikuwa unatania au ulikuwa unasema?" Fundi akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Nilikuwa nasema kwa njia ambayo hawatanizuia."

Swali hilo ni la kujifunza, kwa kuwa halikumsuta kwa kutania kifo wala halikumcheka. Lilitenganisha maana mbili zilizofichwa katika sentensi moja na kumwachia yeye achague. Baada yake mshauri aliuliza waziwazi: je, umefikiria kujiua? Umepanga namna? Kuna kitu nyumbani ambacho umekitazama kwa nia hiyo? Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi humtua mzigo. Mawazo yalikuwepo, mpango haukuwepo, ila nyumbani kulikuwa na dawa ya shambani. Siku hiyohiyo shemeji yake aliichukua na kwenda kuifungia kwake, na mke pamoja na mwanawe mkubwa wakakubaliana nani atakuwa naye usiku katika wiki mbili za mwanzo.

Daktari naye alifanya sehemu yake. Alipima presha, damu na tezi ya shingo, akauliza kuhusu pombe. Kabla ya kumwanzishia dawa ya sonona aliuliza pia kama fundi amewahi kupitia kipindi cha siku kadhaa cha kuchangamka kupita kiasi, kulala kidogo bila kuchoka, kutania kila mtu na kutumia fedha ovyo. Kwa mtu wa namna hiyo uchangamfu wenyewe unaweza kuwa ugonjwa, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha huko. Kiharusi nacho kiliulizwa, kwa sababu kinaweza kuacha kicheko au kilio kinachotoka bila hisia ya ndani. Vyote havikuwepo.

Akaanzishiwa fluoxetini miligramu 20, kidonge kimoja asubuhi baada ya chai. Alielezwa kwamba kichefuchefu na kutotulia vinaweza kuja mapema, nafuu ikachelewa wiki mbili hadi nne au zaidi, na kwamba akipona ataendelea kumeza kwa miezi 9 hadi 12. Mambo haya hayana uhusiano na utani, lakini bila hayo utani usingekuwa na pa kusimamia. Anayedhani kicheko kinaweza kushika nafasi ya dawa na ulinzi kwa mtu mwenye alama 17 anamhatarisha mgonjwa.

Walichokwisha kujaribu nyumbani

Familia haikukaa bure. Mwanawe alimtumia klipu za vichekesho kwenye WhatsApp, hata kumi kwa siku. Mkwe alimfungulia vichekesho kwenye runinga kila jioni. Rafiki zake walimwambia achangamke, maana "wewe si ndiye mchekeshaji wetu?" Matokeo yake fundi alianza kuzima simu na kwenda kulala saa moja usiku.

Walikosea wapi? Sonona hupunguza uwezo wa kuonja raha. Mgonjwa anaielewa klipu, anajua ni wapi watu wanacheka, lakini ndani hakisogei kitu. Kila klipu isiyomchekesha inakuwa ushahidi mpya dhidi yake: hata hiki sikicheki, basi nimekwisha. Pili, umakini umepungua, na klipu zenye kelele na maneno ya haraka zinamchosha. La tatu, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba familia iliyoketi ikimtazama kama atacheka imemtwika kazi. Anacheka ili wapumzike. Baada ya hapo anajiona mwongo, na wao wanaripoti kwamba leo alikuwa na nafuu.

Watu wa Kagera wanaikumbuka habari ya Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wasiweze kujizuia, na hali ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159 kabla shule haijafungwa mwezi Machi. Madaktari walioichunguza hawakupata ugonjwa wa mwili, wakaieleza kuwa ni hali ya akili iliyosambaa kwa watoto, pamoja na kulia na kuhangaika. Kisa cha fundi ni kingine kabisa, ila somo moja la Kashasha linamhusu: sauti ya kicheko haitoshi kumwambia mtu hali iliyo ndani.

Kusikiliza utani alionao

Mwaka 2003 mwanasaikolojia Rod Martin na wenzake wa Kanada walichapisha hojaji ya maswali 32 inayogawa matumizi ya utani mafungu manne: wa kuunganisha watu, wa kujipa nguvu mtu akiwa peke yake na shida zake, wa kushambulia wengine, na wa kujidhalilisha ili wengine wacheke. Fungu la mwisho ndilo linalohusishwa mara kwa mara na sonona, na ndilo lililomjaa fundi. Vichekesho vyake vyote vya miezi ile vilikuwa na shabaha moja, naye mwenyewe ndiye shabaha: kiraka, chuma chakavu, mzigo wa mkewe, maiti.

Hojaji hiyo ina kasoro ikiletwa kwetu ilivyo. Kumtania mtu aliyekosea inahesabiwa kushambulia. Lakini Mpare aliyekaa na Mchaga, mtani wake wa kabila, akamwacha apite bila kumtupia neno, Mchaga huyo atajiuliza kama wamegombana. Utani wa makabila, wa shemeji, wa mabinamu, wa babu na mjukuu ni ruhusa na pia ni wajibu. Mtafiti Moreau aliuandikia utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, katika makala yake ya 1940, aliueleza uhusiano wa aina hii kuwa ni ule ambapo mmoja anaruhusiwa kumtania mwenzake, na mwenzake hana haki ya kukasirika. Msibani watani huzuia jeneza hadi walipwe, humwigiza marehemu, huwachekesha wafiwa wakiwa na machozi usoni. Kwa hiyo mshauri hakutumia hojaji ya Martin kumpa fundi alama. Aliyachukua mafungu yake manne kama miwani, kisha akauliza maswali ya hapa:

Nani ni mtani wako, na mara ya mwisho alikutania lini? Ulimjibu nini? Ni utani gani uliwahi kuambiwa ukalala nao? Ukisikia watu wanacheka ng'ambo ya barabara, moyoni unadhani wanacheka nini?

Swali la mwisho linahusu hofu ya kuchekwa, jambo ambalo mwanasaikolojia Michael Titze wa Ujerumani alilieleza kwa wagonjwa wake na Willibald Ruch na wenzake wakalipima baadaye. Mtu mwenye hofu hiyo husikia kila kicheko kama kofi. Kwake mazoezi ya utani hayaanzi, au huanza kwa uangalifu mkubwa sana. Fundi alijibu kwamba zamani hakujali, ila tangu wizi anahisi watu wanacheka deni lake. Jibu hilo likaandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Lilikuja kuwa na maana, na kwa bahati mbaya halikuzingatiwa ipasavyo.

Lakini alipoulizwa nani mtani wake, alitaja wawili bila kufikiri: Mangi, Mchaga mwenye duka mkabala na kibanda chake, waliyetupiana maneno kwa miaka 20, na mjukuu wake wa miaka tisa anayemwita "mume wangu". Mangi alikuwa ameacha kumtania tangu wizi, kwa huruma. Fundi alisema: "Sasa ananiamkia kama anayeamkia mgonjwa." Hapo ndipo tiba ya kisa hiki ilipopata mlango. Kilichompotea fundi ni yule anayemtania, kwa sababu vichekesho bado alikuwa navyo tele.

Mpango na wiki za kwanza

Zilipangwa wiki nane, kikao kimoja cha dakika 45 kila wiki, PHQ-9 kila wiki ya pili. Wiki mbili za mwanzo hazikuwa na zoezi lolote la utani. Zilikuwa za usalama, dawa, na kazi ndogo zenye saa maalumu: kufungua kibanda saa nne asubuhi badala ya saa mbili, kwa kuwa asubuhi ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi kwake, kushona pindo mbili tu, kisha kufunga. Pindo mbili, si shati zima. Kazi ikiwa ndogo kiasi cha kutoshindwa, mtu huanza kujiona tena akimaliza kitu.

Kosa la kwanza lilikuwa la mshauri, kikao cha pili. Fundi alisema, "Mimi sasa nimebaki kiraka." Alisema kwa uso wa utani, mshauri akacheka na kujibu kwamba kiraka nacho hushikilia nguo. Jibu zuri, lakini si kwa saa ile. Fundi alitabasamu, kisha dakika 20 zilizobaki akawa anajibu "ndiyo" na "hapana". Lawrence Kubie, daktari wa akili wa Marekani, alionya tangu 1971 kwamba utani wa mtabibu unaweza kumfungia mgonjwa mlango, kwa sababu mgonjwa hana uhuru wa kuonyesha kwamba umemuumiza. Kubie alitaka utani uepukwe karibu kabisa, na hapo alizidisha. Kuhusu hatari hii mahususi alikuwa sahihi. Mshauri alipocheka, alifanya kama kijiwe kilivyofanya, akapokea kichekesho na kuacha ujumbe.

Kikao cha tatu kilianza kwa kurekebisha: "Mzee, wiki iliyopita ulisema umebaki kiraka, nami nikacheka. Nadhani nilipita haraka. Kiraka maana yake nini?" Fundi alieleza kwa robo saa. Alisema kuhusu aibu ya kuwauza vijana wake, maana kwake kuuza zile cherehani kulikuwa kama kuwauza wao. Alilia. Kuanzia hapo kanuni ikawa moja: kila utani wa kujiponda hupokelewa kwanza kama habari. Ukishasikilizwa, unaweza kuchekewa na wote wawili.

Daftari

Wiki ya nne likaja zoezi la mambo matatu. Kila usiku, kwa siku saba, mtu anaandika mambo matatu ya kuchekesha yaliyotokea siku hiyo na kwa nini yalichekesha. Sandra Wellenzohn, René Proyer na Ruch walilijaribu kwa watu wazima kupitia intaneti, wakachapisha mwaka 2016, na lilikuwa miongoni mwa mazoezi yaliyoongeza furaha na kupunguza dalili za sonona, ingawa nafuu ya sonona ilikuwa ya muda mfupi. Washiriki wale hawakuwa wagonjwa wa alama 17. Zoezi likihamishiwa kwa mgonjwa bila kupunguzwa huleta madhara yaleyale ya klipu.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku mbili za kwanza fundi aliacha ukurasa mweupe, siku ya tatu akaandika: "Hakuna." Mshauri alibadilisha mambo manne. Idadi ikashuka kutoka matatu hadi moja. Swali likawa: umeona nini leo ambacho mtu mwingine, tuseme mjukuu wako, angekicheka? Hapo hahitaji kuhisi, anahitaji kuona tu. Muda ukahamishwa kutoka usiku hadi saa kumi jioni, kabla uchovu haujamkuta. Daftari jipya likaachwa, akatumia daftari lake la vipimo vya wateja, ambalo mkono wake ulikuwa umelizoea, na kipengele kikaandikwa kama kipimo: mstari mmoja, bila maelezo.

Mistari ilianza kuja. Kuku aliyeingia kibandani na kulala ndani ya kofia ya mteja. Mteja aliyeapa kwamba kiuno chake ni 34 huku futi kamba ikisoma 41, akailaumu futi kamba. Siku ya tano fundi alisema alijikuta anatazama barabara akitafuta mstari wa jioni. Hilo ndilo linalotafutwa na zoezi. Sonona huvuta macho ndani, kwenye makosa ya mtu mwenyewe, na daftari humpa sababu ya kutazama nje mara moja kwa siku.

Sambamba na daftari, walichukua vichekesho vyake vya zamani na kuhamisha shabaha. "Mimi ni chuma chakavu" kikabaki na chuma, lakini shabaha ikawa cherehani moja iliyobaki, ambayo alisema ina kiburi cha mke wa kwanza tangu wenzake wauzwe. Kile cha kiraka kikawa: "Dunia imenikata bila kunipima, lakini mkasi bado uko kwangu." Mshauri hakumtungia hata kimoja. Maneno ya kupewa huwa kama nguo ya kuazima, hayamkai.

Mangi

Wiki ya tano Mangi aliitwa, kwa ridhaa ya fundi, akaelezwa dakika 15: rafiki yako anaumwa ugonjwa unaotibika, anameza dawa, na huruma yako inamfanya ajione ameshakufa. Anza tena kumtania, kidogo, mkiwa wawili, saa kumi jioni, dakika 20, bila kugusa deni wala cherehani zilizouzwa.

Siku ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Siku ya tatu wateja walikuwa dukani, Mangi akanogewa na hadhira. Alisema kwa sauti kwamba Wapare wa siku hizi wanaibiwa kwa kuwa wamezoea kesi kuliko kufuli. Watu wakacheka. Fundi alicheka pia, akafunga kibanda, na siku mbili hakufungua. PHQ-9 ya wiki ya sita ilisoma 15, sawa na ya wiki ya nne, wakati matarajio yalikuwa ishuke. Swali la tisa sasa lilikuwa 0, lakini liliulizwa kwa mdomo pia, si kwa karatasi tu.

Mambo matatu yalikosewa. Makatazo yalitaja deni na cherehani, hayakutaja wizi wala hadhira, ingawa hofu ya kuchekwa hadharani ilikuwa imeandikwa kwa nyekundu tangu mwanzo. La pili ni la ndani ya utani wenyewe: kwa mila, mtani hana haki ya kukasirika, kwa hiyo fundi alicheka kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya heshima. Ruhusa inayoufanya utani uwe huru kwa mtu mzima wa afya inamfungia mgonjwa ndani. La tatu, hapakuwa na alama ya kusimamisha.

Marekebisho yalitumia mila ileile, kwa sababu utani una faini. Mtani aliyevuka mpaka huweza kudaiwa kitu kidogo, na kukilipa hakumdhalilishi, huendeleza mchezo. Walikubaliana hivi: fundi akishika futi kamba na kuivaa shingoni, maana yake basi, na Mangi atalipa soda bila kuuliza kwa nini. Utani mbele ya wateja ukasimama hadi fundi auanzishe mwenyewe.

Mangi alikwenda na soda kesho yake, akakaa, hakusema neno. Fundi akainywa nusu, akamtazama, akasema: "Hii ni dhamana tu. Kesi yako nitaifungua Same, na nitauza hata ng'ombe mpaka nishinde." Mangi akajibu kwamba yeye hana haja ya wakili, siku akifa fundi adondoshe sarafu kando ya jeneza, na asipoinuka ndipo ajue ameshinda. Ni utani wa zamani kabisa, kila mtu anaujua: Mpare hutaniwa kwa kupenda kesi, Mchaga kwa kupenda fedha. Lakini kwa mara ya kwanza katika miezi sita fundi alikuwa amemtania mtu mwingine, na jeneza lililotajwa halikuwa lake.

Mshauri aliandika tukio hilo kuwa badiliko kubwa zaidi ya kicheko chochote kilichosikika kabla yake. Katika sonona cha kutazama ni nani anayeurusha utani na unakwenda wapi. Kumchekesha mgonjwa ni kumfanya hadhira. Akirusha neno kwa mtani wake na kungoja lirudi, amerudi kwenye mahusiano, na hapo ndipo tiba ya mazungumzo na dawa hupata pa kushika.

Mjukuu alihitaji maelezo machache mno. Aliambiwa babu anaumwa, si kosa la mtu, na anaruhusiwa kumwita mume wangu kama zamani. Akaendelea kudai mahari yake arudishiwe kwa biskuti.

Matokeo

Alama zilikwenda 17, 16, 15, 15, na wiki ya nane 9. Usingizi ulirudi kabla ya hamu ya kazi. Alishona mashati manne wiki ya mwisho, na suruali yake aliipunguza kiuno. Haiwezekani kuupa utani sifa ya kushuka huko. Wiki ya sita hadi ya nane ni wakati ambao fluoxetini nayo huwa imeshika, mke alikuwa amejadili na kikoba ratiba ya kulipa kidogokidogo, na pindo mbili zilikuwa zimekuwa mashati. Kinachoweza kusemwa ni kwamba Mangi na daftari vilimrudisha barabarani wakati ambao klipu kumi kwa siku zilikuwa zimemfukuzia kitandani.

Dawa iliendelea, vikao vikawa mara moja kwa mwezi. Wazee wawili wa kijiweni waliombwa, kwa idhini yake, wasiache tena utani wa kifo upite kwa kicheko tu. Wakiusikia kwa mtu yeyote, wamvute pembeni siku hiyohiyo na kumuuliza kama alikuwa anatania au alikuwa anasema, na akisema, wasimwache peke yake mpaka afike kliniki au hospitali. Mkewe ana orodha yake fupi: kuamka saa tisa usiku siku tatu mfululizo, kuruka chakula, na vichekesho kuanza tena kumlenga yeye mwenyewe. Kimoja kikitokea, anapiga simu kliniki.

Deni lilikuwa bado lipo mwezi wa sita wa tiba. Kuhusu deni hilo, anayeruhusiwa kutania ni fundi peke yake.